Tatizo Lilikuwa Macho, Mimi Nikaliita Lafudhi

Nianze na kosa lenyewe kabla sijapata ujanja wa kulipamba. Mdogo wangu aliniambia kwa mdomo wake kwamba maneno ya kitabuni yanamchezea machoni. Mimi nikaamua kwamba tatizo lake ni Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani.

Usinionee huruma. Nimekuja hapa kujisema, na nikimaliza unitukane ukipenda. Mwenyewe nimeshajitukana sana, lakini tusi la mtu mwingine huwa linaingia vizuri zaidi.

Mimi ni msichana wa Ngara, kijiji sikitaji. Nina shahada ya Kiswahili na isimu. Ni wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu, na kama hujawahi kuishi nyumba moja na mtu wa namna hiyo, mshukuru Mungu wako. Tunachosha! Padri akihubiri, nataka ushahidi. Bibi akisema mvua ya jioni inaleta mafua, nauliza utafiti huo umefanyika wapi. Tabia hiyo niliiita kuhoji. Nilihoji kila kitu chini ya mbingu isipokuwa kichwa changu mwenyewe.

Mdogo wangu nitamwita Lidia. Si jina lake. Nimelichagua makusudi kwa sababu nyumbani kwetu lingetamkwa Ridia, na hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia.

Kwetu wengi tunachanganya l na r. Mtu anakwenda "kurara", anaamka anakula "wari", anapanda "loli". Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilisimama mbele ya ukumbi mzima nikasema "nimefulahi kuwafahamu". Walicheka mpaka mhadhiri akavua miwani kujifuta machozi. Tangu siku hiyo niliapa kwamba aibu ile nitaigeuza kuwa elimu. Ilipofika zamu ya kuandika tasnifu, nikachagua mada hiyo hiyo: jinsi l na r zinavyowaharibia kusoma wanafunzi wa shule za msingi za kwetu.

Nikarudi likizo na simu ya kurekodia. Kila mwanafunzi nilimpa kifungu kile kile cha habari akisome kwa sauti. Lidia, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tatu, alikuwa mmoja wao.

Sasa msikie Lidia alivyokuwa. Hesabu za kichwa alizimaliza kabla mwalimu hajafunga mdomo. Hadithi ukimsomea mara moja anakurudishia neno kwa neno, pamoja na pale ulipokohoa. Lakini mpe kitabu! Mstari wa kwanza anakwenda vizuri, wa pili vizuri, wa tatu anaanza kupapasa. Anaruka mstari. Mwingine anausoma mara mbili. Anasugua macho, anapinda shingo kama kuku aliyesikia kitu, kisha anasema kichwa kinamuuma.

"Kinauma saa ya kusoma tu?" nilimuuliza siku moja. "Saa ya kula hakiumi?"

"Hakiumi, Dada."

"Ajabu. Kichwa chako kina ratiba."

Mama alicheka. Majirani waliokuwa wanaanika maharage uani wakacheka. Nilikuwa mchekeshaji sana siku hizo.

Siku ya kumrekodi alifika katikati ya kifungu akanyamaza. Nikamwashiria aendelee. Akasema, "Dada, mstari umekuwa miwili."

Nikamwambia, "Soma ulioko juu."

Loo! Soma ulioko juu! Mtoto wa miaka tisa amekupa habari nzima kwa maneno manne, wewe unampa maelekezo ya usafiri! Kisha nikaandika kwenye daftari langu: "Anasita ili kukwepa kutamka l." Niliyatoa wapi hayo? Nilikuja nayo kutoka chuoni, nikayapandikiza kwenye mdomo wa mtoto.

Nilipochambua makosa yake, yale ya kuruka mistari na kurudia mistari niliyafuta. Hayakuhusu mada. Tasnifu ikapata alama nzuri na msimamizi wangu akaniambia nina jicho kali. Jicho kali!

Nikahitimu. Kazi hakuna. Nikarudi nyumbani kupalilia migomba na kufundisha tuisheni, huku nikiwasahihisha wazee matamshi hata wanaponiitikia shikamoo.

Lidia akiwa darasa la nne alikwenda likizo ya Juni kwa mama mdogo, Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo. Mama mdogo aliishia darasa la saba. Analima mahindi na mihogo, na kigangoni kwao anaongoza kwaya. Alimpa Lidia kitabu cha nyimbo wafanye mazoezi pamoja, akamwona mtoto ameziba jicho moja kwa kiganja.

"Mbona unaziba jicho?"

"Nikiliziba, maneno yanatulia."

Mama mdogo hakuuliza utafiti uko wapi. Kesho yake asubuhi alimpandisha mtoto pikipiki mpaka Biharamulo mjini, hospitalini, kwa mtaalamu wa macho. Ndivyo mtu mwenye akili anavyofanya. Mimi ilinichukua shahada nzima kushindwa kufanya hivyo.

Nilipopigiwa simu nilicheka. Mama aliponiambia wanatakiwa warudi tena wiki inayofuata, nilikasirika, nikafunga safari hadi Biharamulo kwenda kuwaokoa ndugu zangu na utapeli. Ndivyo nilivyomwambia kila aliyeniuliza njiani.

Mtaalamu alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye umri wa mama yangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikaanza.

"Mtoto alisoma chati ya herufi mpaka wapi?"

"Mpaka chini kabisa. Mbali anaona kuliko mimi."

"Basi macho yake ni mazima."

"Jicho moja moja ni zima," alisema. "Ugomvi uko kwenye ushirikiano wao. Njoo utazame."

Alishika kalamu mbele ya Lidia akaisogeza polepole kuelekea puani. Macho yote mawili yalikuwa yanaifuata yakiingia ndani. Kalamu ilipofika kama shibiri moja kutoka usoni, jicho la kulia likamwachia mwenzake kazi, likatoroka kwenda nje. Akarudia. Likatoroka tena. Nililiona, ndugu yangu! Lilikuwa mbele yangu mchana kweupe!

Yule mama akanieleza kwa Kiswahili ambacho hata kuku angekielewa. Ukitazama mbali, macho yanatazama sambamba. Ukisoma, yanapaswa kuingia ndani kidogo yakutane kwenye neno moja. Ya Lidia yanakutana kwa taabu na yanachoka haraka. Yakiachana, neno moja linakuwa mawili na mistari inapandana. Mtoto anajikaza kuyarudisha, anajikaza, hadi kichwa kinauma.

"Dawa yake?"

"Mazoezi. Hapa na mimi kila wiki, na nyumbani kidogo kila siku. Baada ya wiki kama kumi na mbili tunapima upya tuone kama yamesaidia."

Nikaona nimempata. "Kwa hiyo mazoezi ya macho yanafundisha mtoto kusoma?"

"Hapana. Sikusema hivyo. Wapo watoto wanaosumbuka kusoma na macho yao hayana kosa lolote. Hao ukiwapa mazoezi haya unawapotezea muda. Huyu yatamsaidia aone neno likiwa moja. Kulisoma atafundishwa na mwalimu."

Sikia jibu hilo. Tapeli angeniahidi kwamba mtoto atashika namba moja wilayani. Huyu alinitajia mipaka ya dawa yake mwenyewe bila kubanwa. Mimi niliyelipiwa na serikali miaka mitatu ili nijue kutofautisha mtu mkweli na mwongo, nilisimama pale nikitafuta pa kumchoma.

"Kuna suala la lafudhi pia," nikasema. "Mimi nimelifanyia utafiti."

Akanitazama. "Lafudhi inaumiza kichwa?"

Mama mdogo alipasuka kwa kicheko mpaka akajifunika uso kwa kitenge. "We mtoto," akasema, "basi sisi wa Biharamulo tungekuwa tunakunywa panadoli kila tukisalimiana!"

Naungama hapa jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Ningeweza kusema niliyoyafanya baadaye niliyafanya kwa ajili ya sayansi. Uongo mtupu. Niliyafanya kwa sababu mama mdogo alicheka.

Lidia alirudi nyumbani Ngara na kamba ya mazoezi: uzi mrefu wenye shanga tatu, nyekundu, ya njano na ya kijani. Ncha moja inafungwa kwenye nondo ya dirisha, nyingine mtoto anaishika puani. Anaitazama shanga ya karibu mpaka aione moja, anahamia ya katikati, anahamia ya mbali, anarudi. Mpango ulikuwa mama ampeleke Biharamulo kila Jumamosi.

Mimi nikaiona kamba ile dirishani, nikapata chakula cha mzaha.

"Mama, mmeanzisha rozari mpya? Haya, tendo la kwanza la furaha: shanga nyekundu!"

Mama hakucheka, alifanya ishara ya msalaba. Jirani mmoja aliyekuja kuazima jembe akaiona kamba, akauliza kwa sauti ya chini kama mtoto anazindikwa. Ningeweza kumweleza kwa sentensi moja. Nikamjibu, "Ndiyo, bado kuku mweupe tu."

Wiki haikuisha, kijiji kizima kilijua kwamba nyumba yetu ya Kikatoliki imefunga hirizi dirishani. Mama akaanza kuifungua kamba kila akisikia hodi.

Kisha nikamalizia kazi. Nilitafuta kwenye simu, nikapata makala iliyosema kwenye kichwa chake kwamba mazoezi ya macho hayatibu matatizo ya kusoma. Nikamsomea mama kichwa hicho na aya ya kwanza. Makala ilikuwa ndefu. Miezi mingi baadaye niliisoma yote. Ilipinga watu wanaouza mazoezi kama dawa ya kila mtoto asiyejua kusoma, jambo ambalo hata yule mtaalamu wa macho alilipinga. Chini kabisa ilisema kwamba macho yanayoshindwa kukutana karibu ni jambo jingine, kwamba yapimwe, na kwamba mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu yanaweza kuyasaidia. Ilikuwa inamsema Lidia. Mimi sikufika chini.

Mama akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Tuendelee au tuache?"

"Acheni."

Miaka mitatu ya chuo, na matunda yake yakawa neno hilo moja. Jumamosi mbili tu Lidia alikuwa amekwenda. Ile kamba nikaitoa dirishani nikafungia mfuko wa mbegu za maharage.

Badala yake nikaja na tiba yangu. Kila akitoka shule, saa mbili nzima kitabu usoni, na katikati mazoezi ya ulimi: "Lori la Rulenge limelala Lusahunga." Mara kumi, mara ishirini! Akisema kichwa kinamuuma, nilimwongezea ukurasa. Mtoto mwenye macho yasiyoweza kukaa pamoja dakika kumi nilimfungia kwenye kitabu saa mbili, nikaita hiyo msaada. Mwenye punda mwenyewe huwa anapumzisha mnyama!

Baada ya mwezi mmoja, muujiza. Lidia akaanza kusoma vifungu vyangu bila kukwama, kidole kikitembea chini ya maneno, sauti imenyooka. Nilimpigia mama mdogo simu, nikaweka sauti kubwa. "Sikiliza!" nikamwambia. "Hiyo ndiyo sayansi!"

Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. "Mpe kingine," akasema.

"Wivu huo," nikamjibu, nikakata.

Unadhani ulikuwa muujiza? Lidia alikuwa na rafiki mmoja darasani. Kila asubuhi rafiki huyo alimsomea mara moja, njiani kwenda shule, kifungu nilichokuwa nimempa tangu jana yake, na Lidia akakikariri. Jioni alinitolea chote kutoka kichwani, kidole kikicheza kwenye karatasi kwa ajili yangu mimi. Mtoto alitengeneza mchezo mzima wa kuigiza ili dada yake afurahi na kitabu kifungwe mapema.

Kwenye mtihani wa darasa la nne hapakuwa na rafiki wa kumsomea. Hesabu za namba tupu alifanya. Zile za maelezo zilimshinda, na ufahamu ulimshinda. Akafeli. Alikariri vifungu vyangu vyote, mwishowe akakariri na darasa.

Januari akaketi na watoto waliokuwa nyuma yake. Wakamwita Bibi. "Bibi, shikamoo! Bibi, umesahau miwani?" Rafiki yake alikuwa darasa la tano, chumba cha pili, na mapumziko alicheza na wenziwe wapya.

Siku moja alivaa sare, akapita shule, akaenda shambani. Siku ya pili hivyo hivyo. Mama alipomkuta kwenye migomba alimkaripia, na Lidia akamjibu bila kulia, "Mimi sina akili, Mama. Dada amenipima ameona."

Maneno hayo nilikuwa nayasikia, nimesimama na panga la kukatia majani. Nikaendelea kukata majani.

Muhula mzima hakwenda shule. Mwalimu alikuja, mwenyekiti wa kitongoji alikuja, mama alibembeleza, mama alichapa. Hakwenda. Mimi nilitoa hotuba. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Nilikuuliza." Mpaka leo hajaniuliza tena kitu chochote kinachohusu watoto wake.

Sasa njoo kwenye aibu ya mwisho. Niliomba kazi mahali, wakataka sampuli ya utafiti wangu. Nikafungua zile rekodi za zamani ili nichague nzuri. Nikafungua ya Lidia.

Lidia alikuwa hakosei l! Wala r! "Alilala", "mlima", "barabara", zote safi kuliko ninavyozitamka mimi. Nilirudisha nyuma mara nne. Kwenye daftari langu niliandika amekosea, kwenye sauti hakukosea. Nilisikia nilichokuja kusikia. Na makosa aliyoyafanya kweli, ya kuruka na kurudia mistari, yalianza palepale macho yalipochoka, na yote niliyafuta kwa mkono wangu. Ushahidi ulikuwa simuni mwangu tangu siku ya kwanza, pamoja na sauti yangu yenye maringo ikimwambia mtoto asome mstari ulioko juu.

Sikuifuatilia ile kazi tena. Nilimpigia mama mdogo. Sikumaliza sentensi ya pili. "Namfuata kesho," akasema. Akaja, akamchukua Lidia, akamwandikisha shule ya Nyamahanga, na kila Jumamosi akampeleka kwa yule mama wa macho. Safari hii walimaliza wiki zote.

Usitegemee nikuambie amekuwa wa kwanza darasani. Alipopimwa tena, kalamu ilisogea karibu na pua na jicho likakaa na mwenzake. Anasoma ukurasa mzima bila kuziba jicho na bila kichwa kuuma. Bado anasoma polepole, kwa sababu miaka ile wenziwe waliyojifunza kusoma yeye alikuwa anapigana na mistari. Mwalimu wake anamfuatilia. Yuko darasa moja nyuma, na mwaka huo ni mimi niliyemnyang'anya.

Mwezi uliopita nilikwenda Nyamahanga kumwomba msamaha. Nilimkuta barazani anamsomea mama mdogo habari ya mbegu za mihogo kutoka karatasi ya bwana shamba, kwa sauti, akikwama, akiendelea. Aliponiona alisimama. "Shikamoo, Dada." Akaikunja karatasi mara nne.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu rekodi, kwamba hakukosea, kwamba mjinga nilikuwa mimi. Alisikiliza kwa adabu. Nikamwomba anisomee kidogo tu, mistari miwili.

"Hapana, Dada," akasema. "Nitakaa na mama mdogo."

Mama mdogo, ambaye hunicheka kwa lolote, hakucheka. Alinikaribisha chai.

Basi wewe mzazi, wewe mwalimu, na hasa wewe msomi wa kwanza wa ukoo: mtoto akiruka mistari, akiziba jicho, akisugua macho, kichwa kikimuuma kila akishika kitabu, mpeleke kwa mtaalamu wa macho. Usirudi na habari ya chati ya mbali tu. Omba apimwe macho yanavyofanya kazi karibu, pale kitabu kinapokaa. Pengine utaambiwa macho hayana neno, na hapo utafute sababu nyingine. Anayekuahidi kwamba mazoezi yatatibu kila kitu, mkimbie. Anayekucheka kwa kwenda kupima, mkimbie zaidi, hata kama ana shahada, hata kama umemzaa.

Na mtoto akikuambia anachokiona, acha unalofanya umsikilize. Atakuambia mara moja. Ukimcheka, hatarudia. Ataanza kukuambia unachotaka kusikia, kwa sauti iliyonyooka, na wewe utapiga makofi.